Kodi ya Mwezi wa Nane

Daftari lenyewe lina jalada gumu la samawati, limeliwa na mende pembeni, na ukilifungua linatoa harufu ya mafuta ya taa. Nililikuta ndani ya mfuko wa unga, juu ya kabati la mama aliyekuwa mweka hazina wetu huko Changamwe. Wiki mbili kabla ya siku hiyo wazee wa kanisa walikuwa wamenipa kazi niliyodhani ni ya siku tatu: kuandika historia ya ushirika wetu wa Kimennonite hapa Mombasa.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2025. Tarehe 21 Januari mwaka huo ilitimia miaka 500 tangu watu wachache walipokusanyika katika nyumba moja mjini Zürich, Uswisi, Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, na Blaurock akawabatiza waliobaki. Wote walikuwa wamekwisha kubatizwa utotoni. Walichokuwa wakisema ni kwamba ubatizo ni wa mtu anayejua anachokiri. Kwa ajili ya neno hilo Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa katika mto Limmat mwezi Januari 1527, mji ule ule. Makanisa yetu ya dunia nzima yalikuwa yakijiandaa kwa kumbukumbu ya mwanzo huo, na mwezi wa tano wajumbe wangekutana Zürich kwenyewe. Sisi hatukuwa na nauli ya Zürich. Tulikuwa na Jumapili moja, sufuria mbili za pilau na dakika 20 za historia ya ushirika. Dakika hizo nilipewa mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha historia shuleni.

Rasimu ya kwanza niliimaliza usiku mmoja. Nilianza Zürich, nikaenda kwa Menno Simons, kasisi wa Friesland aliyeuacha upadri mwaka 1536 na ambaye jina lake ndilo tunalolibeba. Nikavuka bahari na wale waliohamia Pennsylvania kukimbia mateso, nikashuka hadi 1934, Elam Stauffer na mkewe Elizabeth walipofika Shirati, kando ya Ziwa Victoria upande wa Tanganyika, karibu na mpaka wa Kenya. Nikaandika uamsho wa 1942, wamishonari na Waafrika walipoungamiana dhambi zao uso kwa uso. Nikaandika Zedekia Kisare alivyowekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Kisha, kwa aya mbili za mwisho, nikasema kwamba watu wa Shirati na Migori waliokuja Mombasa kutafuta kazi bandarini walianzisha ushirika Likoni, wakapatwa na misukosuko mwaka 1997, wakahamia Changamwe, na Mungu amekuwa mwema.

Nilimsomea mama mweka hazina kwanza, maana katika waliokuwapo mwanzo ndiye aliyebaki. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisikiliza huku akichambua mchicha kwa kupapasa, jani moja moja. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Na kodi tulikuwa tukimlipa nani?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akaniambia nipande kitini niushushe ule mfuko wa unga.

Mtu yeyote aliyepewa kazi kama yangu namsihi aanze na daftari la fedha. Kumbukumbu za vikao huandikwa na watu wanaojua kwamba zitasomwa. Daftari la sadaka huandikwa na mtu mmoja, Jumapili saa saba mchana, ana njaa, anataka hesabu ikubali aende zake nyumbani. Hana nafasi ya kumpamba mtu.

Ukurasa wa kwanza hauna jina la yule mzee ambaye sote tumelelewa tukimwita mwanzilishi. Una majina matatu ya wanawake. Wawili walikuwa wakiuza mboga kivukoni, wa tatu ndiye huyu mama mwenyewe, wakati huo msichana aliyeolewa juzi. Walikuwa wakikutana kusali siku ya Jumapili kwa kuwa makanisa waliyoyajua yalikuwa mbali na waliyoyakuta hapa hawakuyazoea. Mzee anaingia miezi saba baadaye, kwa maneno haya: "mgeni, baba, ametoka Shirati, shilingi 5." Nilimuuliza mama ilikuwaje basi tukamwita mwanzilishi. Akasema, "Alikuwa na koti, mwanangu. Na alikuwa mtu mwema sana. Hatukuona haja ya kubishana."

Nikaendelea kufunua. Mafuta ya taa. Sabuni ya mche, nusu. Taulo 1. Beseni 2. Hizo beseni nazikumbuka: za enameli, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, na kila moja imeandikwa chini yake kwa rangi nyekundu herufi K. Sisi huoshana miguu baada ya Meza ya Bwana, kama ilivyo katika Yohana 13, kina baba na kina baba, kina mama na kina mama. Unapiga magoti mbele ya mwenzako, unamwagia maji kwa kiganja, unamkausha, kisha mnainuana na kukumbatiana. Ukiwa na kinyongo na mtu, siku hiyo ndiyo inayokukamata, maana huwezi kuushika mguu wa mtu ukiendelea kumchukia bila mkono wako kujua. Likoni maji yalikuwa ya kununua kwa mkokoteni, kwa hiyo hata ibada hiyo ina hesabu yake katika daftari: "mitungi 2, kuoshana miguu."

Na kila mwezi, mstari wa mwisho, bila kukosa: "kodi ya ukumbi, 300." Mbele yake, mahali pa sahihi, pana maandishi madogo ya herufi za Kiarabu, yametulia vizuri, yameandikwa na mkono usio na haraka.

"Huyo," mama akasema nilipomweleza ninachokiona, akiligusa karatasi kwa ncha ya kidole, "ndiye Bi Mkubwa."

Nilikuwa nimemsahau. Naliandika hilo kama lilivyo. Mimi niliyelala chini ya kitanda chake nikiwa na miaka 11 niliandika historia nzima ya ushirika wetu na sikumtia ndani.

Alikuwa Mdigo, mjane, mwenye nyumba ya Kiswahili ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda kivukoni. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba kushoto na kulia, nyuma uani na jiko. Alfajiri aliuza mahamri na mbaazi pale barazani. Ukumbi alitukodisha Jumapili asubuhi tu. Masharti yalikuwa mawili: ngoma inyamaze adhana inapoanza, na mtu asipite kwenda uani bila kubisha hodi. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, utotoni na hakwenda skuli, ndiyo sababu Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama mabibi wengi wa Pwani wa wakati wake. Kila Ramadhani daftari lina mstari: "sukari kilo 2 na tende, Bi Mkubwa." Kila Krismasi kuna mwingine, bila bei: "mahamri, zawadi."

Watu huniuliza kwa nini katika miaka yote ile hatukujenga. Mwenye kuijua Mombasa hataniuliza. Ardhi ya Pwani ina vidonda vya tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowapa wachache karatasi na kuwaacha wengi wakiishi juu ya udongo wa mtu mwingine. Huku kwetu kuna kitu tunakiita nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, kiwanja si chako, nawe unakilipia. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa hivyo. Alimlipa mwenye ardhi, nasi tukamlipa yeye. Tulikuwa wapangaji wa mpangaji. Kwa kanisa ambalo watu wake waliwahi kufukuzwa nchi hadi nchi sioni aibu ndani yake. Wenzetu wa Ethiopia, Kanisa la Meserete Kristos, serikali ya kijeshi ya Derg iliyafunga majengo yao mwaka 1982. Wakaendelea nyumba kwa nyumba, wachache wachache, na kanisa lilipofunguliwa tena mwaka 1991 lilikuwa limeongezeka mara nyingi.

Sasa nirudi kwenye beseni, kwa sababu ndani yake ndimo nilimojifunzia barafu.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa kibarua kwenye ghala la samaki. Siku moja alikuja na bonge la barafu limefungwa guniani, akajaza beseni maji, akaliweka bonge lile lielee. Tukaambiwa tuliguse kwa zamu. Ukutani alikuwa amebandika picha iliyokatwa kwenye kalenda, mchoro wa Jan Luyken wa mwaka 1685: mtu amepiga magoti ukingoni, amenyoosha mikono yote miwili, na mwingine ndani ya maji akimnyooshea yake. Huyo wa ukingoni, akasema mwalimu, ni Dirk Willems wa Asperen, Uholanzi. Mwaka 1569 alikuwa amefungwa kwa ajili ya imani hii yetu. Akatoroka gerezani kwa kamba aliyoifunga kwa vitambaa, akakimbia juu ya maji yaliyoganda. Chakula cha gerezani kilikuwa kimemkondesha, barafu ikamstahimili. Aliyemfukuza alikuwa mzito, ikapasuka, akazama. Dirk alikuwa amekwisha kufika ng'ambo. Akageuka nyuma, akamvuta yule mtu akamwokoa. Naye akakamatwa palepale, na tarehe 16 Mei mwaka huo wakamchoma moto.

Mwalimu akalibana lile bonge kwa kidole gumba mpaka likapasuka, vipande vikageuka-geuka majini. "Ungekuwa wewe," akauliza, "ungerudi?"

Tulikuwa watoto kumi na kitu. Tuliinua mikono yote. "Ningerudi!"

Usiku wa Jumatano tarehe 13 Agosti 1997 vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kituo kidogo cha kivukoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, wakageukia nyumba za watu wa bara. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Katika wiki zilizofuata, Likoni na kusini yake, watu zaidi ya 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Wengi walilala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Serikali iliunda tume mwaka uliofuata, na mwenye kutaka maelezo ya kisiasa anaweza kuyatafuta huko. Mimi nina ya chini ya kitanda.

Baba alikuwa zamu ya usiku bandarini. Tulikuwa tumekwisha kusikia milio tukadhani ni matairi. Mlango ukagongwa, sauti ya Bi Mkubwa ikasema, "Njoni. Viacheni vitu." Hakusema neno jingine. Alipita mlango hadi mlango katika kichochoro chetu, na alipomaliza tulikuwa 14 ndani ya chumba chake, watoto uvunguni, wakubwa nyuma ya pazia na kabati. Kitanda kilikuwa cha kamba. Nilikuwa nimelala chali na nikawa nazihesabu kamba zilivyopishana, nikifika mwisho naanza upya. Yeye akatoka, akawasha taa ya chemni, akakaa barazani na tasbihi yake, mlango wa mbele akauacha wazi.

Mlango wazi ule nimeufikiria sana tangu niwe mtu mzima. Mlango uliofungwa ungevunjwa.

Wakaja. Sikuwaona, nilisikia viatu, na kitu kama chuma kikikwaruza ukuta wa baraza.

"Humu mna wabara?"

"Humu mna wanangu."

"Wanao twawajua, Bi Mkubwa."

"Wanangu hawahesabiwi usiku. Nendani."

Kukawa kimya kirefu. Nilisikia shanga za tasbihi. Halafu viatu vikaondoka, si kwa haraka.

Alfajiri alifungua kasha lake na kutoa mabuibui, lake na ya bintiye na mengine aliyokwenda kuyaazima, akawavika mama zetu. Mama mweka hazina alilifunga daftari tumboni kwa leso kabla ya kuvaa. Mimi nilivishwa kofia ya marehemu mumewe, ikaniingia mpaka masikioni. Akanishika mkono mwenyewe mpaka kivukoni. "Ukiulizwa jina," akaniambia, "kohoa." Sikuulizwa. Tuliingia ferini pamoja na umati uliobeba magodoro na kuku, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama juu ya mteremko, kichwani ana leso tu, kwa sababu buibui lake lilikuwa limevaliwa na mamangu.

Hatukurudi.

Katika daftari Jumapili ya mwisho ya Likoni ni tarehe 10 Agosti. Zimeandikwa sadaka, mafuta ya taa, chaki. Mstari wa chini mama alikuwa ameuandaa mapema kama kawaida yake: "kodi ya ukumbi, mwezi wa nane, 300." Mahali pa sahihi hapana kitu. Ukurasa unaofuata ni wa Desemba, Changamwe, wino mwingine.

Mlango wa bahari wa Likoni si mpana. Ukisimama upande wa kisiwani unaona rangi za nguo za watu walio ng'ambo. Kwa miaka 28 watu wa ushirika wetu wameuvuka wakienda harusi Ukunda na mazishi Msambweni, na hakuna aliyekata kushoto au kulia kwenda kumwamkia yule mama. Mwanzoni ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Baadaye ikawa aibu: utamwambia nini mtu uliyemkalia kimya mwaka mzima? Miaka mitatu utamwambia nini? Kisha ikawa mazoea, na mazoea hayaumi, ndiyo ubaya wake.

Na katika miaka hiyo hatukuwa kimya juu ya amani. Tulihubiri. Kila mwaka tulimsimulia Dirk. Tulisimulia habari ya Merlin Grove, mmishonari wetu aliyeuawa kwa kisu mjini Mogadishu tarehe 16 Julai 1962, na mkewe Dorothy, aliyejeruhiwa akapona, akasema kwamba amemsamehe aliyemuua mumewe. Nimelia nikiisikia habari hiyo, na ni ya kweli, na isiachwe kusimuliwa. Lakini siku niliyokaa na daftari mezani niliona jinsi tulivyozipanga habari zetu. Msamaha wetu kwa Waislamu tuliuhifadhi na tarehe na mwezi. Wema wa Mwislamu kwetu tuliuita misukosuko ya 1997. Tuliinua mikono tukasema tungerudi, tukakua tukijiona ni sisi tulio ukingoni mwa ile picha. Usiku ule tulikuwa majini. Aliyegeuka nyuma alikuwa na leso kichwani.

Niliandika upya. Ilinichukua miezi mitatu.

Kuna ukurasa mmoja uliozua kikao. Wiki chache baada ya kukimbia, kijana mmoja wa kwetu, aliyebatizwa, aliyeoshwa miguu katika beseni lile, alivuka na wenzake usiku kwenda kulipiza. Walichoma nyumba. Haikuwa ya mtu aliyetukosea. Ushirika ulijua, babake alijua, na Jumapili iliyofuata tuliimba. Nililiandika. Wazee wakaniita.

"Unataka tusherehekee au tuhukumiwe?" mmoja akaniuliza, na hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni.

Nikawaambia: mzee wangu, uamsho tunaousifu, ule wa 1942, ulianza hivi hivi. Mmishonari hakusimama Shirati akasema Mungu amekuwa mwema. Alisema nimewadharau. Mwafrika akasema nami nimewachukia. Tukiyatoa hayo, kinachobaki ni nyimbo.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakata jina la kijana na kuliacha tendo. Nikakubali. Mpaka leo nikiwa macho usiku huwa naliandika tena lile jina moyoni na kulifuta tena, maana ana watoto ambao nawafundisha, na mwenye nyumba iliyoungua naye alikuwa na watoto.

Lakini hata wazee waliokuwa wakali katika kikao kile walikubaliana nasi kwa jambo moja: historia isisomwe kanisani kabla hatujavuka.

Tulikwenda Jumamosi, watatu: mzee mmoja, mama mweka hazina, na mimi. Tulibeba mchele, sukari na tende. Ferini mama alishika reli kwa mikono miwili, akauliza kama ule mbuyu bado upo. Sikuwa na hakika ni mbuyu upi. Nyumba niliijua kwa baraza, ingawa makuti yameondoka paani yakaja mabati, na kichochoro kimebanwa na maghorofa. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa pale na mjukuu. Tukabisha hodi. Akatutazama mmoja mmoja, akasimama polepole.

"Ninyi ni wale wa Jumapili," akasema.

Bi Mkubwa alikwisha kufariki, miaka mingi. Huyu ni bintiye, yule ambaye buibui lake alilivaa jirani yetu. Alitukaribisha ukumbini, mahali penyewe, tukakaa kwenye mkeka, na mama mweka hazina akawa anapapasa ukuta nyuma yake kama anayetafuta msumari wa saa yetu. Tulisomewa Fatiha ya marehemu, nasi tukainamisha vichwa. Tukaleta pole iliyochelewa miaka.

Ndipo bintiye alipotwambia ambalo hatukulijua, na hatukulijua kwa kuwa hatukuja kuuliza. Siku tano baada ya sisi kuvuka, wale vijana walirudi mchana. Hawakumpiga. Waliuvunja mlango, wakamwaga unga wake barabarani, wakamwita jina ambalo bintiye hakutaka kulitamka mbele ya mjukuu. Kwa miezi mingi kila alfajiri alikaanga mahamri, akayapanga kwenye sinia, akakaa barazani, na hakuna aliyenunua. Watu walipita wakigeuza nyuso. Jioni aliwagawia watoto wa chuoni. "Hakuacha kukaanga," akasema binti. "Mimi nilimwambia, mama, wacha. Akasema, wakiniona nimewacha watasema nimekiri kosa."

Mzee wetu, ambaye katika kikao ndiye aliyeniuliza kama nataka tuhukumiwe, alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Binti akaingia chumbani, kilekile. Nikasikia kitu kikivutwa kutoka uvunguni. Alirudi na beseni mbili zimepakatana, nyeupe, ukingo wa buluu, enameli imebanduka mahali mahali, na taulo juu yake limekunjwa. "Alisema wenyewe watakuja," akasema. "Kila Idi nilikuwa nazisugua. Moja nimekuwa nikiitumia, sitawaficha, nilimwoshea humu yeye mwenyewe alipougua, miguu ilipovimba."

Mama mweka hazina akaomba apewe ile iliyotumika. Akaizungusha mikononi, akaigeuza chini juu, akaipapasa ile K nyekundu. Kisha akamrudishia. "Hii ni yako," akasema. "Sisi itatutosha moja."

Nilidhani tumemaliza. Mzee alikuwa ameanza kuomba ruhusa tuondoke. Mama akaniambia nimpe daftari. Alilipapasa mpaka akaupata ukurasa, ameukunja pembe, akatoa ndani ya leso noti tatu za shilingi mia mia, akazinyoosha juu ya mkeka.

"Kodi ya mwezi wa nane," akasema.

"Mama, hayo yamepita."

"Mchele ni zawadi, mwanangu. Hii ni kodi. Alitulaza usiku mzima na mwezi hatujalipa. Mimi nimekuwa mweka hazina miaka 19, sikuacha mstari mtupu isipokuwa huu."

Binti akazitazama zile noti. Akamtuma mjukuu ndani alete miwani, akaja nayo pamoja na kalamu ya shule. Akalivuta daftari karibu na mlango penye mwanga, nikamwonyesha mahali. Akazisoma kwanza sahihi zilizotangulia, kuanzia juu, akizifuata kwa kidole mwezi baada ya mwezi, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwezi wa saba alisita, akavua miwani akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Kisha akaandika jina la mamake, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, akijitahidi herufi zifanane na zile za juu, na alipomaliza akaupuliza wino ukauke.